Miguu kuchomachoma na kufa ganzi baada ya kukimbia: chanzo ni nini, na tiba yake ni ipi?

Mkimbiaji wa Ziwani (Mwanza)

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa mambo ya viungo na mishipa ya fahamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo kutwa nzima huwa nimekaa kitini. Mwaka jana nilijiunga na kikundi cha mazoezi cha mtaani kwetu. Tunakimbia alfajiri, na nia yetu ni kwenda Moshi kushiriki mbio za kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon.

Tatizo lilianza pale tulipoongeza umbali. Nikishakimbia kwa robo saa hivi, ugoko huanza kubana, hasa upande wa mbele na wa nje, kisha sehemu ya juu ya wayo huanza kuchomachoma kama sindano, na mwishowe ile nafasi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha pili hufa ganzi kabisa. Nikijilazimisha kuendelea, wayo wa kulia hupiga chini kwa kishindo, kana kwamba nashindwa kuunyanyua vizuri. Nikisimama na kukaa pembeni, hali hupungua polepole, na kabla ya nusu saa kwisha huwa sisikii chochote. Miguu yote miwili hufanya hivyo, ila wa kulia ndio unaozidi. Ajabu ni kwamba nikitembea tu, hata mwendo mrefu wa kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi, sipati shida yoyote.

Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Wengi wanasema damu haitembei vizuri, wengine wanasema nimepungukiwa madini. Duka la dawa walinipa vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B1, B6 na B12, wakaniambia ni vya mishipa na nimeze kutwa mara tatu. Naendelea navyo mpaka leo na sijaona tofauti. Mama yangu ana kisukari cha muda mrefu na miguu yake pia hufa ganzi, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Je, hii inaweza kuwa dalili ya kisukari? Niache mazoezi? Na nikienda hospitali, nimwombe daktari anipime nini?

Fundi wa Viungo (Dodoma)

Dada yangu, pole sana, na hongera kwa kueleza kwa utaratibu namna hiyo. Ninafanya kazi ya fiziotherapia, na ninakuhakikishia kwamba maelezo yako yana thamani kuliko picha ya eksirei ambayo huenda ukashawishiwa kupiga kwanza, kwa sababu eksirei huonyesha mifupa, na tatizo lako kwa namna ulivyolieleza halimo kwenye mfupa.

Mambo matatu ndiyo yanayotuongoza: ganzi inaanza wakati gani wa zoezi, inakaa sehemu gani hasa, na inachukua muda gani kuondoka baada ya kupumzika. Ganzi inayoanza karibu dakika ileile kila mara unapokimbia, ikiambatana na kubana kwa ugoko, ikakaa kati ya kidole gumba na cha pili, kisha ikaisha yenyewe ndani ya nusu saa, inanifanya nifikirie kwanza kabisa shinikizo ndani ya misuli ya mguu.

Nieleze linavyotokea. Chini ya goti misuli imegawanyika katika vyumba vinne, na kila chumba kimezungukwa na utando mgumu usiovutika kwa urahisi, mfano wa mguu uliovalishwa soksi ya ngozi. Unapokimbia, misuli hupokea damu nyingi na kuvimba, na ujazo wake unaweza kuongezeka kwa hadi asilimia 20. Kwa watu wengi utando huo huwa na nafasi ya kutosha, lakini kwa wengine nafasi hiyo haipo, hivyo shinikizo hupanda, damu hupenya kwa shida, na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya chumba hicho hubanwa. Chumba kinachoathirika mara nyingi zaidi ni cha mbele, na mshipa wa fahamu unaopita humo ndio unaoleta hisia katika nafasi ileile uliyoitaja, baina ya kidole gumba na kidole cha pili. Misuli ya chumba hicho ndiyo inayonyanyua wayo, na ndiyo maana wayo wako unapiga kishindo. Kutembea hakuisumbui misuli hiyo kiasi hicho, kwa hiyo safari yako ya sokoni haikuletei shida. Kwa hiyo waliokuambia habari ya damu hawakukosea kabisa, ila mishipa yako mikubwa ya damu huenda ni mizima. Kinachozuia damu ni shinikizo la muda ndani ya chumba hicho.

Hata hivyo, kabla hujaamini kwamba ni hilo, yapo mengine ya kuangalia, na baadhi yake unaweza kuyachunguza mwenyewe leo jioni.

Kaa kitini, upapase upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti. Utakuta kinundu cha mfupa. Chini yake tu, mshipa wa fahamu unauzunguka mfupa mwembamba wa nje ukiwa karibu sana na ngozi, bila nyama ya kuukinga. Ukipagonga taratibu kwa ncha ya kidole na ukasikia mshituko unaoteremka mpaka juu ya wayo, basi huenda mshipa unabanwa hapo. Watu wanaokaa wamepachika mguu mmoja juu ya mwingine kutwa nzima, wanaochuchumaa muda mrefu shambani, au wanaovaa bandeji ya goti iliyokaza, huumia sehemu hiyo hiyo, na wewe unakaa kitini siku nzima.

Angalia pia viatu. Mguu huvimba wakati wa kukimbia, kwa hiyo raba inayokutosha sawasawa asubuhi dukani itakubana baada ya kilomita chache. Nunua jioni, na uache nafasi ya upana wa dole gumba la mkono mbele ya kidole kirefu. Kamba zikikazwa sana juu ya wayo hubana mshipa mwingine wa fahamu unaopita pale chini ya ngozi. Dawa yake ni kuruka tundu moja au mawili ya kamba mahali panapouma. Kwa raba za mtumba, ambazo wengi wetu ndizo tunazomudu, geuza soli utazame: ikiwa imelika upande mmoja, ulaji huo umefuata mguu wa mwenyewe wa kwanza, nao utaupinda mguu wako kwa namna isiyo yake. Kama ganzi ingekuwa kati ya kidole cha tatu na cha nne, na ikaisha mara tu unapovua kiatu, ningesema ni mshipa ulionenepa kwa kusuguliwa kati ya vidole, na kiatu chenye upana wa mbele pamoja na kipande laini cha kuinua unyayo vingetosha kwa wengi. Kwako siyo hivyo.

Mgongo nao usisahaulike. Diski ya kiuno ikitoka mahali pake na kugusa mzizi wa mshipa wa fahamu, ganzi huweza kushuka upande wa nje wa ugoko mpaka juu ya wayo, lakini mara nyingi hufuatana na maumivu ya kiuno au makalio, huzidi unapokohoa au kuinama, na haina desturi ya kumalizika kwa nusu saa. Tena mara nyingi huchagua mguu mmoja.

Lipo jambo moja dogo la mwisho: mtu akihema harakaharaka kupita kiasi, hewa ya kaboni dayoksaidi hupungua mwilini, naye husikia vidole vya mikono na pembe za mdomo vikichomachoma pamoja na miguu. Kwa kuwa hukutaja mikono, naliacha hapo.

Je, unasikia ugoko umekuwa mgumu ukiubonyeza mara tu baada ya kusimama? Na kiuno kinauma?

Tabibu wa Zahanati (Kilosa)

Fundi ameeleza vizuri. Mimi nitajibu swali la kisukari na la vidonge, kwa sababu vidonge ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi.

Ganzi ya kisukari huanzia kwenye ncha za vidole vya miguu, miguu yote kwa usawa, kisha hupanda polepole mfano wa soksi. Huwasumbua watu usiku wakiwa wamelala, wala haingoji mtu akimbie. Yako haifanani na hiyo. Lakini kwa kuwa mama yako anao ugonjwa huu, kupima ni wajibu, hata kama miguu ingekuwa mizima. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, au kipimo cha wastani wa miezi mitatu kikifika asilimia 6.5, hicho ni kisukari, na kipimo hurudiwa siku nyingine kuthibitisha ikiwa mtu hana dalili nyingine. Hata zahanati ndogo inaweza kukupima sukari kwa tone la damu la kidoleni.

Sasa vidonge. Vitamini B6 ikikosekana huharibu mishipa ya fahamu, na ikizidi kwa muda mrefu huiharibu vilevile, na dalili zake ni hizohizo za ganzi na kuchomachoma miguuni. Vipo vidonge vya mchanganyiko vyenye miligramu 100 au 200 za B6 katika kidonge kimoja. Mtu anayemeza vitatu kwa siku anafika miligramu 300 hadi 600, wakati kikomo cha juu kilichowekwa Marekani kwa mtu mzima ni miligramu 100 kwa siku, na huko Ulaya wameweka kikomo cha chini zaidi ya hapo. Tafadhali soma boksi lako leo. Usiendelee kuvimeza kwa miezi bila kupimwa na bila mtu kukuambia unatibu nini. Inanisikitisha kila ninapomwona mtu aliyekuja na ganzi akiongezewa dawa inayoweza kumletea ganzi nyingine.

Upungufu wa B12 ni jambo la kweli, lakini huwapata hasa wasiokula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, wenye matatizo ya tumbo yanayozuia kufyonzwa kwa vitamini hiyo, na wagonjwa wa kisukari wanaotumia metfomini kwa miaka mingi. Mkaaji wa Mwanza anayekula sato na dagaa, akiwa hana ugonjwa wa tumbo, si wa kwanza kumshuku. Mama yako, akiwa anatumia metfomini, ndiye ambaye ningependa apimwe B12, maana ganzi yake watu wataiita ya kisukari moja kwa moja na huenda sehemu yake inatibika.

Nina maswali mawili mengine ambayo waganga huyasahau. Je, umewahi kutumia dawa za kifua kikuu, au za kukinga kifua kikuu? Isoniazidi huondoa B6 mwilini, na ndiyo maana huambatanishwa na kidonge kidogo cha vitamini hiyo kila siku. Na je, una baka lolote mwilini, jeupe kidogo au jekundu, lisilosikia unapoligusa kwa pamba? Ukoma bado upo Tanzania, na mishipa unayopenda kuishambulia mguuni ni ule wa pale chini ya goti aliopataja Fundi na ule wa nyuma ya kifundo cha ndani. Sikutishi, dawa zake hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina, na mgonjwa anayeanza mapema hupona bila ulemavu. Ninauliza kwa sababu kuligundua baka hakuhitaji mashine, kunahitaji mtu atazame tu.

Onyo moja kwa wote wanaosoma hapa: mtu ambaye miguu yake haisikii vizuri asikandwe kwa maji ya moto wala kuwekewa chupa ya moto. Nimefunga vidonda vya moto vya nyayo ambavyo mwenyewe hakusikia vikitokea.

Mstaafu wa Chumbageni (Tanga)

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi ni mtu mzima wa zaidi ya miaka 65, na nimefuatilia kwa sababu miguu yangu nayo hufa ganzi ninapotembea, wala sikimbii. Mwanzoni niliambiwa ni mishipa ya damu, baadaye ikabainika ni njia ya uti wa mgongo kiunoni kuwa nyembamba. Daktari alinieleza tofauti kwa namna ambayo sijaisahau, nami naiandika hapa kwa faida ya wazee wenzangu.

Anayeumia kwa ajili ya mishipa ya damu iliyoziba hupata nafuu kwa kusimama tu, dakika chache zinamtosha, na mara nyingi ni shavu la mguu linalokaza, na wayo wake huwa wa baridi. Mwenye uti uliobanwa, kama mimi, kusimama hakumsaidii kitu. Lazima akae au ainame mbele, na ndiyo maana naweza kuendesha baiskeli mpaka Raskazone bila shida ilhali mwendo mfupi kwa miguu unanishinda. Nilipimwa presha ya kifundo cha mguu ikalinganishwa na ya mkono; uwiano ukiwa chini ya 0.9 huashiria mishipa ya damu imeziba, na wangu ulikuwa mzuri. Mvutaji wa sigara asipuuze kipimo hicho.

Swali langu kwa Fundi: nimepewa mazoezi ya kuvuta magoti kifuani nikiwa nimelala chali. Je, niendelee nayo hata siku ambazo ganzi haipo?

Mkimbiaji wa Ziwani (Mwanza)

Marahaba, na shikamoo mzee wangu wa Tanga. Nawashukuru nyote kutoka moyoni.

Fundi, leo alfajiri nilifanya kama ulivyouliza. Mara tu niliposimama niliubonyeza ugoko wa kulia, nao ulikuwa mgumu kabisa, na ngozi juu yake imetuna na kung'aa. Nilipoubonyeza tena baada ya kupumzika ulikuwa umelainika. Kiuno hakiumi. Kugonga kile kinundu cha chini ya goti hakukuleta mshituko wowote. Tabibu, sijawahi kutumia dawa za kifua kikuu, sina baka, na boksi la vidonge limeandikwa miligramu 200 za B6, kwa hiyo nimevisimamisha. Sukari nitapima Jumatatu, nami nitampeleka mama kuhusu hiyo B12.

Linalobaki ni hili: je, ni lazima nipasuliwe? Nimesoma mahali kwamba tiba ya ugonjwa huu ni upasuaji tu.

Fundi wa Viungo (Dodoma)

Mzee wetu, shikamoo. Endelea nayo kila siku, taratibu, maana kuinamisha kiuno huipanua njia ya uti. Acha tu zoezi lolote linalokupinda kwenda nyuma.

Dada, ugumu unaokuja na kuondoka hivyo unazidi kuelekeza kwenye shinikizo la chumba cha mbele. Uthibitisho kamili hupatikana kwa sindano maalumu inayopima shinikizo ndani ya misuli kabla na baada ya kukimbia. Kwa vigezo vinavyotumika sana, milimita 15 za zebaki au zaidi mtu akiwa amepumzika, 30 au zaidi dakika moja baada ya zoezi, au 20 au zaidi dakika tano baadaye, huhesabiwa kuwa si kawaida. Kipimo hiki hakipatikani kila hospitali. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa. Kwa Mwanza anza Bugando, na ikibidi watakuelekeza Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Mwambie daktari yaleyale uliyoyaandika hapa, na ukiweza, kimbia kwanza ili akukague ugoko ukiwa bado mgumu.

Upasuaji upo, ambapo utando ule hupasuliwa ili misuli ipate nafasi, na wengi hunufaika nao, lakini hatuanzi nao. Kwanza punguza umbali mpaka ukome kabla ya ganzi kuanza, ukipishanisha kukimbia na kutembea. Kisha badilisha namna ya kutua. Ukirusha mguu mbele sana na kutua kwa kisigino, misuli ya mbele ya ugoko hufanya kazi kubwa ya kuuzuia wayo usianguke. Fupisha hatua, ongeza idadi yake kwa asilimia 5 hadi 10 kwa dakika, na utue katikati ya wayo, chini ya mwili wako. Zidisha kidogokidogo, kwa sababu mabadiliko ya ghafla huhamishia mzigo kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino, nawe utakuja tena hapa na maumivu mengine. Kimbieni kwenye udongo badala ya lami mkiweza. Katika siku zisizo za kukimbia, baiskeli au kuogelea vitakutunzia pumzi bila kuuchosha ugoko. Dawa za maumivu kama diklofenaki hazitaondoa ganzi hii, kwa hiyo usizimeze ili uweze kuendelea kukimbia. Ukifanya hivyo kwa uaminifu kwa miezi miwili hadi mitatu na hali ikabaki ileile, hapo ndipo mazungumzo ya upasuaji yanakuwa na maana.

Usingoje rufaa, nenda hospitali siku hiyohiyo, ikiwa maumivu ya ugoko hayapungui baada ya kupumzika bali yanazidi, hasa mtu akikunja vidole vyako. Ikiwa wayo unashindwa kunyanyuka hata ukiwa umepumzika. Ikiwa mkojo unakuwa wa kahawia nzito baada ya zoezi kali. Au ikiwa ganzi inaingia sehemu za siri na mkojo au choo kinakuponyoka au kukataa kutoka. Shinikizo lisiloshuka huua misuli ndani ya saa chache.

Kuhusu Moshi, kama mbio ziko karibu, jiandikishe zile za kilomita 5 mwaka huu. Zile za kilomita 21 ziache mpaka uweze kukimbia nusu saa mfululizo bila vidole kufa ganzi.